Moto Unapofifia: Kanieneo ya Gesi Jikoni na Jinsi ya Kuipima kwa Maji

Mpishi afunguapo koki ya jiko la gesi na kuona moto mdogo, usioweza kuivisha sufuria ya maharage hata baada ya saa mbili, neno la kwanza analolisema ni kwamba gesi imekwisha. Mtungi hubadilishwa. Mara nyingine moto hurudi. Mara nyingine mtungi mpya nao hutoa moto ule ule, na fedha zimekwisha kulipwa. Mwenye mtambo wa gesi ya samadi hana mtungi wa kubadilisha, basi huwalaumu ng'ombe, au fundi aliyejenga, na mwisho huuacha mtambo ukauke. Katika hali zote mbili yawezekana kabisa kwamba gesi ipo tele, ila njiani kati ya chombo na moto kanieneo yake imepotea.

Jambo hili lina uzito hasa kwa shule. Serikali ya Tanzania ilizielekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, umelenga kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Shule iliyojenga jiko la gesi kisha wanafunzi wakalala na njaa kwa sababu moto haukutosha, itarudi kwenye kuni wiki ile ile, maelekezo yawepo yasiwepo. Kwa hiyo yafaa mwalimu wa fizikia na wanafunzi wake waweze kulitazama jiko la shule yao kama wanavyotazama jaribio la maabara.

Mkoani Tanga hakuna mabomba ya gesi asilia yapitayo mitaani hadi majumbani. Gesi ya kupikia hupatikana kwa namna mbili. Ya kwanza ni gesi ya mitungi, yaani mchanganyiko wa propani na butani uliogandamizwa hata ukawa kimiminika, ambao huingia nchini kwa meli katika bandari za Dar es Salaam na Tanga. Ya pili ni gesi ya samadi, ambayo kwa wingi ni methani iliyochanganyika na dioksidi ya kaboni, nayo hutengenezwa na vijidudu ndani ya shimo lisiloingiza hewa. Gesi hizi mbili hutofautiana sana, lakini kanuni ya kupungua kwa kanieneo ni moja.

Kanieneo ya utulivu na kanieneo ya mkondo

Kanieneo ni kani inayosukuma eneo moja la uso. Wengine huiita shinikizo au mgandamizo, na mafundi wa mitaani husema presha. Maana ni ile ile. Kizio chake ni paskali, lakini kwa gesi ya jikoni, ambayo kanieneo yake ni ndogo, ni rahisi zaidi kuipima kwa kimo cha maji inachoweza kukiinua. Sentimita 1 ya maji ni sawa na paskali 98. Regulata ya kawaida ya mtungi wa nyumbani hutoa gesi kwa kanieneo ya paskali 2,800 hadi 3,000 juu ya ile ya hewa, yaani kiasi cha sentimita 29 hadi 31 za maji. Majiko makubwa ya baadhi ya shule hutumia regulata za kanieneo ya juu zaidi, na hayo hayahusiki na vipimo vitakavyoelezwa hapa.

Tazama kwanza maji ya bomba. Katika nyumba ya Ngamiani iliyo mwisho wa mtaa, bomba likiwa limefungwa usiku kucha, maji husimama ndani yake kwa nguvu kamili, na anayelifungua kidogo tu hupata mchirizi mkali. Alfajiri majirani wote wanapofungua mabomba yao, mchirizi ule huwa uzi. Tangi halikupungua na mlima haukushuka. Kilichobadilika ni kwamba maji sasa yanakwenda, na kila kinachokwenda ndani ya bomba husuguana na kuta zake, na msuguano huo hulipiwa kwa kanieneo.

Gesi nayo ni vivyo hivyo. Koki zote zikiwa zimefungwa, kanieneo huwa moja kutoka regulata hadi jikoni, hata kama mpira umebanwa ukabakiwa na tundu la sindano. Tuiite kanieneo ya utulivu. Jiko likiwaka, kanieneo jikoni huwa ndogo kuliko ile ya mwanzo wa bomba kwa kadiri ya ukinzani wa njia. Hiyo ni kanieneo ya mkondo. Fundi anayepima gesi jiko likiwa limezimwa, akasema kila kitu ni salama, hajapima kitu chochote kinachohusu lalamiko la mpishi.

Katika nchi za baridi kanuni hii imewekwa katika taratibu za kazi. Nchini Uingereza nyumba nyingi hupashwa joto kwa boila ya gesi asilia, na gesi hiyo kwa kawaida hufika kwenye mita ikiwa na kanieneo ya milibari 21, sawa na sentimita 21 na ushei za maji. Fundi hutakiwa kuhakikisha kwamba kati ya mita na boila haipotei zaidi ya milibari 1, naye hupima boila ikiwa inawaka kwa nguvu zake zote, si ikiwa imelala. Boila inayozimika zimika asubuhi ya baridi na jiko linalofifia mjini Korogwe yana ugonjwa mmoja.

Bomba jembamba linagharimu kiasi gani

Kwa mkondo mtulivu, kama ule wa gesi katika mabomba madogo ya nyumbani, kanieneo inayopotea huongezeka sawia na urefu wa bomba na sawia na wingi wa gesi inayopita. Lakini hupungua kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha 4. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Anayetumia bomba lenye nusu ya kipenyo hudhani amepunguza njia kwa nusu. Kwa hakika ameongeza ukinzani mara 16.

Tuchukue mfano wa gesi ya samadi inayosafiri mita 20 kutoka shimoni hadi jikoni, kwa wingi wa lita 400 kwa saa, kiasi kinachotumiwa na kichomeo kimoja cha nyumbani. Katika bomba lenye kipenyo cha ndani cha nusu inchi, yaani milimita 12.7, upotevu ni kama nusu sentimita ya maji tu. Katika bomba la robo inchi upotevu huo hufika sentimita 7 na ushei. Vichomeo vingi vya gesi ya samadi huanza kufanya kazi vizuri kwenye sentimita 7 hadi 10 hivi za maji, basi bomba hilo la bei nafuu limekula sehemu kubwa ya kile jiko linachokihitaji. Mpira uliokunjika nyuma ya jiko, au ulioingiwa na vumbi na mafuta, hufanya kazi hiyo hiyo ya ubahili bila kuonekana.

Na jiko lenyewe hupata hasara gani? Gesi hutoka katika kijitundu cha kichomeo, ambacho mafundi hukiita nozeli, kwa mwendo unaofuata kipeo cha pili cha kanieneo kwa kinyume, yaani kipeuo chake. Kanieneo ikishuka kutoka sentimita 30 hadi 15, moto haupungui kwa nusu bali hubaki na asilimia 71 ya nguvu zake. Ikishuka hadi robo, nguvu hubaki nusu. Kwa hiyo jiko huvumilia upungufu mdogo bila mtu kutambua, na mpishi anapoanza kulalamika kanieneo imekwisha kuporomoka sana. Tena gesi inayotoka polepole haivuti hewa ya kutosha kuingia kichomeoni. Moto huwa mlegevu, na pengine hurudi ndani ya kichomeo kwa kishindo kidogo.

Mtungi unaotoka jasho

Ni imani ya watu wengi kwamba mtungi uliofika nusu una nusu ya kanieneo. Si kweli. Maadamu tone la kimiminika limebaki ndani, kanieneo ya mvuke ulio juu yake hutegemea halijoto na aina ya mchanganyiko, wala haitegemei wingi. Propani tupu kwenye nyuzi 30 za Sentigredi ina kanieneo ipatayo kilopaskali 1,080, na butani ya kawaida ipatayo kilopaskali 283, zote zikihesabiwa pamoja na ile ya hewa. Ndiyo maana kuutikisa mtungi au kuipima kanieneo yake hakuelezi gesi iliyobaki. Kinachoeleza ni mizani: uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa juu yake, na kinachozidi hapo ndicho gesi.

Hata hivyo halijoto hubadilika, na hapo ndipo mtungi unapoweza kuwa chanzo cha moto dhaifu. Kimiminika kinapogeuka mvuke huhitaji joto fiche, kiasi cha kilojuli 360 kwa kila kilo. Jiko la nyumbani lenye nguvu ya kilowati 2 huchoma gramu 160 hivi za gesi kwa saa, na joto linalotakiwa kuigeuza gesi hiyo kuwa mvuke ni wati 16 tu. Hewa ya Tanga hulileta bila shida kupitia kuta za mtungi. Kichomeo cha shule cha kilowati 20 huhitaji mara kumi ya hapo, wati 160, sawa na balbu mbili kubwa za kizamani. Hewa tulivu ya stoo iliyofungwa haiwezi kuleta joto hilo kwa mtungi mmoja wa kilo 15 uliokaribia kwisha, kwa kuwa sehemu ya ukuta inayogusana na kimiminika nayo imepungua. Kama joto lisingeingia kabisa kutoka nje, kilo 5 za kimiminika pamoja na chuma chake zingepoa kwa nyuzi zipatazo 29 katika saa moja.

Hewa ya pwani hutoa dalili nzuri ya jambo hili. Kwa sababu ina unyevu mwingi, mtungi ukipoa nyuzi chache tu huanza kutoka jasho, na ukingo wa juu wa jasho hilo huonyesha kimiminika kimefika wapi. Wanafunzi wanaweza kuuchora kwa chaki kila baada ya robo saa.

Lushoto, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hali ni ngumu zaidi. Asubuhi ya kipupwe halijoto huweza kukaribia nyuzi 10, na hapo butani ina kanieneo ipatayo kilopaskali 148 tu, ikihesabiwa pamoja na ile ya hewa. Ikipoa zaidi kwa kutumiwa, regulata haipati tena cha kutosha kugawa. Isitoshe, propani ndiyo itanguliayo kuvukizwa, basi mwisho wa mtungi hubaki butani nyingi. Mwalimu wa Lushoto asishangae kuona jiko lake likififia mtungi ukiwa na kilo 3, huku mwenzake wa Pangani akitumia mtungi kama huo hadi mwisho. Dawa yake ni kuunganisha mitungi miwili au zaidi ili kila mmoja utoe gesi kidogo, na kuiweka mahali penye hewa. Wako wanaomwagia mtungi maji ya moto au kuusogeza karibu na jiko. Hilo ni hatari isiyo na sababu, na halifai kufanywa hata kwa majaribio.

Shimo la samadi kama manometa

Uzoefu wa gesi ya samadi nchini si mgeni. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikieneza mitambo ya kuba la matofali tangu miaka ya 1980, na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa ndani ya banda, uliostawi Tanga na Muheza, umefanya samadi ipatikane mlangoni. Mkonge nao umeingia katika habari hii. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Sehemu iliyobaki ni maji na makapi, ambayo kwa miaka mingi yalitupwa. Katika shamba la Hale kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kuyageuza makapi hayo kuwa gesi ya kuendeshea jenereta za umeme, nao ukazinduliwa mwaka 2008.

Kuba la matofali ni chombo cha ajabu kwa somo letu. Gesi inapoongezeka huisukuma samadi iende kwenye chumba cha nje, na tofauti ya vimo kati ya samadi ya ndani na ya nje ndiyo kanieneo ya gesi. Asubuhi tofauti hiyo huweza kukaribia mita 1; baada ya kupika hushuka, na ikifika sifuri gesi haitoki tena ingawa kuba bado lina gesi. Kwa hiyo kanieneo ya kuba haitulii, na jiko linaloungua vizuri saa moja asubuhi lakini likafifia saa saba mchana huenda halina ubovu wowote. Mitambo ya zamani yenye pipa la chuma linaloelea ilikuwa tofauti: uzito wa pipa haubadiliki, basi kanieneo nayo hubaki karibu ile ile, lakini pipa huliwa na kutu, na katika hewa ya chumvi ya pwani kutu haina subira.

Adui mkubwa wa gesi ya samadi ni maji. Gesi hutoka shimoni ikiwa imeshiba mvuke wa maji. Usiku bomba lipoapo, mvuke huo huwa matone, na matone hutiririka hadi mahali palipobonyea. Maji yakijaa hapo kwa kimo cha sentimita 12, gesi haipiti mpaka isukume kwa sentimita 12 za ziada. Kisha hupita kwa mapovu, na moto jikoni huruka na kushuka kama unaopumua. Bomba lazima lielekee chini upande mmoja, na mahali pa chini kabisa pawekwe koki ya kumwaga maji.

Kutengeneza chombo na kukisoma

Manometa ya maji haihitaji fedha nyingi. Chukua mpira mwembamba unaopenya nuru wenye urefu wa mita 2.5 hivi, uukunje kwa umbo la herufi U juu ya ubao, utie maji yenye wino kidogo hadi nusu, na ubandike rula kati ya miguu miwili. Mguu mmoja huachwa wazi. Mwingine huunganishwa na tawi lenye koki lililowekwa karibu na jiko. Kinachosomwa ni tofauti ya vimo vya miguu miwili. Anayesoma kupanda kwa mguu mmoja tu hupata nusu ya jibu. Kabla ya kugusa gesi, wanafunzi na wazoee kwa kupuliza kwa mdomo polepole.

Kazi ya kuweka tawi kwenye gesi ya mtungi ifanywe na fundi, baada ya regulata, wala si kabla yake. Kanieneo ya mtungini ya kilopaskali 500 tu ingeinua maji mita 51, zaidi ya minazi miwili mirefu iliyosimama mmoja juu ya mwingine. Moto wote uzimwe, madirisha yafunguliwe, viungo vipakwe povu la sabuni. Propani ina uzito wa mara 1.5 ya hewa na butani mara 2, hivyo gesi ya mtungi ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni.

Vipimo vyatakiwa vichukuliwe kwa jozi, jiko likiwa limezimwa na likiwa linawaka lote, na kwa gesi ya samadi vilevile mahali pawili, shimoni na jikoni. Kipimo cha utulivu kikiwa kizuri na cha mkondo kikaporomoka jikoni peke yake, njia ni nyembamba au imeziba. Cha mkondo kikiporomoka hata kwenye tawi lililo karibu kabisa na regulata, tatizo ni regulata au mtungi ulioganda. Kipimo cha utulivu kikishuka polepole huku koki zote zimefungwa, kuna mvujo, na hapo kazi nyingine zote zisimame. Ipo hali moja inayopendeza kwa mwanafunzi makini: jiko limezimwa, lakini jikoni kanieneo ni ndogo kuliko shimoni. Wembamba wa bomba hauwezi kusababisha hivyo, kwa kuwa pasipo mkondo hakuna upotevu. Ni maji yaliyosimama bondeni mwa bomba, na tofauti ya vipimo viwili ni kimo cha maji hayo.

Na ikiwa kanieneo ya mkondo ni nzuri lakini moto bado ni mdogo, lawama ziende kwa kijitundu kilichoziba masizi. Kisafishwe kwa brashi laini. Kukitoboa kwa msumari ili moto uongezeke ni desturi mbaya iliyoenea: gesi huzidi hewa, moto huwa wa manjano, sufuria huwa jeusi, na monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, huongezeka katika jiko lililofungwa madirisha.

Zoezi

Katika mtambo wa samadi wa shule moja ya kufikirika vipimo ni hivi, kwa sentimita za maji. Jiko limezimwa: shimoni 40, jikoni 40. Jiko linawaka: shimoni 39, jikoni 9.

1. Je, kuna maji yaliyosimama bombani? Toa sababu kutokana na vipimo.

2. Bomba limebadilishwa, na sasa jiko likiwaka kipimo cha jikoni ni 36. Nguvu ya moto imeongezeka mara ngapi?

3. Baada ya mwezi mmoja, jiko likiwa limezimwa, shimoni ni 40 na jikoni ni 28. Mahali gani pa bomba pachimbuliwe kwanza, na maji yatakayokutwa hapo yana kimo gani?